Rory Gallagher: Mpiga gitaa aliyepunguza besi ili gitaa lake lisikike

Wapiga gitaa wanaotusikiliza hutuuliza swali moja kwa namna nyingi. Mmoja amepata amplifaya yenye mkwaruzo mkali, akaifungulia karibu hadi mwisho, lakini akigusa nyuzi nene sauti inatoka nzito na kuvurugika, kama gari lililokwama kwenye tope. Mwingine ameshauriwa anunue busta, yaani kisanduku kidogo kinachokaa kati ya gitaa na amplifaya ili kuongeza nguvu. Tena ameambiwa achague busta safi, isiyobadilisha rangi ya sauti ya gitaa lake. Amenunua, ameikanyaga, na tope limezidi.

Kwa nini kuongeza nguvu kunaweza kuharibu sauti? Na busta inayofaa ni ipi?

Ndugu msikilizaji, badala ya kukupa orodha ya bei, leo tunakusimulia maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo kwa vitendo zaidi ya miaka 50 iliyopita. Anaitwa Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland. Alifariki mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 47. Hakuwa tajiri kama wenzake wa wakati ule, na hakupenda kupigapiga picha na wakubwa. Lakini alielewa jambo ambalo wengi hatulielewi mpaka tumeshapoteza pesa: ukitaka sauti ikaze, kwanza tafuta cha kupunguza.

Mtoto aliyelelewa na redio

William Rory Gallagher alizaliwa tarehe 2 Machi 1948 katika mji mdogo wa Ballyshannon, jimbo la Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ireland. Baba yake, Daniel, alifanya kazi kwenye mradi wa umeme wa maji katika mto Erne, na alikuwa mpiga kodiani. Mama yake, Monica, alikuwa mtu wa Cork, mji ulioko kusini kabisa mwa nchi. Familia iliishi kwa muda katika mji wa Derry, kisha mama akahamia Cork na watoto wake wawili wa kiume, Rory na mdogo wake Dónal. Huko Cork ndiko Rory alikokulia, na mpaka leo watu wa Cork wanamhesabu kuwa wao.

Hakuwa na mwalimu wa gitaa. Mwalimu wake alikuwa redio. Usiku alitafuta vituo vya mbali, kikiwemo kile cha jeshi la Marekani barani Ulaya, na humo akasikia muziki wa bluuzi wa Wamarekani weusi. Alimsikia Muddy Waters kabla hajajua sura yake. Alipopata gitaa lake la kwanza akiwa na miaka 9, alijifunza kwa kusikiliza na kurudia, kama wengi wetu tulivyojifunza nyimbo kutoka kwenye redio ya mkulima sebuleni kwa babu.

Sisi tunaofanya kazi ya redio tunakipenda kipande hiki cha maisha yake, na si kwa sababu ya kujisifu. Mtoto anayejifunza muziki kutoka redio ndogo hujifunza kusikia. Spika ya redio ndogo haina besi nyingi. Kinachopita ni sauti ya katikati na ya juu, yaani maneno, gitaa la solo na tarumbeta. Anayejifunza kwa njia hiyo huzoea kutafuta wimbo uko wapi, asitishwe na mngurumo.

Gitaa la pauni 100

Mwaka 1963, akiwa na miaka 15, Rory alijiunga na bendi moja ya dansi iliyoitwa Fontana. Ireland ya wakati huo ilikuwa na bendi nyingi za aina hiyo. Wanamuziki walivaa sare, wakazunguka kumbi za dansi kutoka mji hadi mji, wakipiga nyimbo zilizokuwa zikitamba. Anayekumbuka bendi zetu za dansi anaelewa kazi ilivyokuwa: saa nyingi jukwaani, safari ndefu usiku, na hakuna ruhusa ya kuchoka.

Mwaka huohuo aliona gitaa kwenye duka la vyombo vya muziki la Crowley mjini Cork. Lilikuwa Fender Stratocaster ya mwaka 1961, lililokwishatumika, na bei yake ilikuwa pauni 100. Kwa kijana wa shule, hizo zilikuwa fedha nyingi mno. Alilichukua kwa mkopo, akamtuliza mama yake kwa hesabu kwamba gitaa hilo lingetosha kupiga solo na rithim, hivyo hakutakuwa na haja ya mtu wa pili.

Miaka michache baadaye gitaa hilo liliibwa mjini Dublin. Likatafutwa, likatangazwa, na baada ya siku kadhaa likapatikana limetupwa nje, limenyeshewa na kukwaruzika. Rory aliapa kutoliuza kamwe. Hakuliuza. Jasho lake, ambalo lilikuwa kali kuliko la kawaida, liliendelea kula rangi mwaka hadi mwaka mpaka mbao tupu zikabaki. Picha zake nyingi zinaonyesha mtu aliyevaa shati la mirabamiraba na gitaa lililochubuka kama mpini wa jembe la siku nyingi.

Kisanduku juu ya amplifaya

Mwaka 1966 Rory aliunda kundi lake mwenyewe mjini Cork, likaitwa Taste. Lilikuwa la watu watatu tu: gitaa, besi na ngoma. Mwaka 1968 alibadilisha wenzake, akawachukua Richard McCracken kwa besi na John Wilson kwa ngoma, wakahamia London na kupata kazi ya kudumu kwenye klabu ya Marquee.

Hapa ndipo kisanduku chetu kinapoingia. Katika kundi la watu watatu hakuna kinanda wala gitaa la pili la kuziba mapengo. Gitaa moja lazima lisikike juu ya ngoma, lakini lisiingie kwenye shamba la gitaa la besi. Rory alikuwa na amplifaya ya Vox AC30, yenye wati 30 na spika mbili za inchi 12. Juu ya amplifaya hiyo aliweka kisanduku cha bati kilichoitwa Rangemaster, kilichotengenezwa na kampuni ya Dallas ya Uingereza.

Rangemaster haikuwa ya kukanyaga kwa mguu. Ilikaa juu ya amplifaya, ikiwa na swichi moja ya kuwasha na kuzima, na kitasa kimoja cha kuongeza na kupunguza. Ndani yake mlikuwa na transista moja ya jemaniamu, betri ya volti 9, na vipande vichache vya umeme unavyoweza kuvihesabu kwa vidole. Lakini kipande kimoja kilikuwa na kazi ya pekee: kapasita ndogo mlangoni, pale sauti ya gitaa inapoingilia. Kapasita hiyo iliruhusu sauti nyembamba kupita kwa urahisi na kuzuia sehemu kubwa ya besi. Kisha transista ikakuza kile kilichopita.

Tufafanue kwa nini hilo lilikuwa na maana kubwa.

Amplifaya ya aina ya AC30 hutumia valvu, yaani zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Valvu ikipewa sauti kubwa kuliko inavyoweza kubeba, hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na hapo ndipo ule mkwaruzo mtamu wa gitaa unapozaliwa. Lakini mawimbi yote hayana uzito mmoja. Uzi mnene kabisa wa gitaa hutikisika mara 82 kwa sekunde. Uzi mwembamba kabisa hutikisika mara 330. Mawimbi ya besi ni mapana na makubwa, kwa hiyo ndiyo yanayojaza valvu kwanza. Yakishajaa, kila kitu kingine kinachopita hupondwa pamoja nayo. Unapiga noti tatu, unasikia mngurumo mmoja.

Sasa wengi hujaribu kurekebisha kwa kitasa cha besi kilichoko kwenye amplifaya. Katika amplifaya nyingi kitasa hicho hufanya kazi baada ya sauti kuwa imeanza kukwaruzika. Inasaidia kidogo, lakini tope limeshachanganywa. Ni sawa na unga wenye chuya na mchanga. Mama anauchekecha kabla ya kuutia kwenye maji ya moto. Ukishasonga ugali, huwezi tena kuchekecha. Rangemaster ilikuwa chekecheke lililowekwa mahali pake, kabla ya sufuria.

Matokeo yake yalikuwa gitaa linalolia kwa nguvu huku kila noti ikisikika imesimama peke yake. Tena Rory hakukizimakizima kisanduku. Alitumia kitasa cha sauti kilichoko kwenye gitaa lenyewe. Akipunguza kidogo, mkwaruzo unapungua na sauti inakuwa safi ya kusindikiza mwimbaji. Akifungulia, solo inaruka mbele. Gitaa moja, kisanduku kimoja, amplifaya moja, na vidole.

Waliokuja kuuliza

Usiku mmoja baada ya onyesho la Taste pale Marquee, vijana wawili walijificha mpaka watu wakaondoka, kisha wakamwendea Rory akiwa anafungasha vyombo. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi mrefu mwenye nywele nyingi, aliyekuwa na gitaa alilolitengeneza yeye na baba yake nyumbani. Alitaka kujua sauti ile inatoka wapi. Rory hakuficha. Alimwonyesha AC30, akamwonyesha kile kisanduku.

Kijana huyo alikuwa Brian May. Alikwenda kutafuta AC30 zilizotumika, akaweka busta ya aina hiyo mbele yake, na sauti aliyoipata ndiyo dunia ikaijua baadaye kupitia kundi la Queen. Kama unavyojua, mwimbaji wa kundi hilo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja. Kwa hiyo sauti ya gitaa inayosikika nyuma ya mwana huyo wa Zanzibar ilianzia kwenye jibu la Mwaireland mmoja mkarimu, aliyeweza kabisa kusema amechoka na kwenda zake.

Mwingine aliyetumia Rangemaster alikuwa Tony Iommi wa Birmingham, kiwanda cha bati kilichomkata ncha za vidole viwili. Yeye aliiweka, ikiwa imefanyiwa marekebisho, mbele ya amplifaya ya Laney. Mwaka 1970 kundi lake la Black Sabbath likatoa albamu ya kwanza, na muziki mzito wa gitaa ukapata mlango. Hebu tazama hapo: hata sauti nzito kuliko zote za wakati wake ilipitia kwenye kisanduku kinachopunguza besi.

Kundi lenye mafanikio linavunjika

Mwaka 1968 Taste walifungua jukwaa kwenye onyesho la kuaga la kundi la Cream katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Mwaka 1969 walizunguka Marekani pamoja na Blind Faith. Agosti 1970 walipiga kwenye tamasha la kisiwa cha Wight, mbele ya umati mkubwa ajabu, na watu wakawaita tena na tena warudi jukwaani. Kwenye tamasha hilohilo alipiga pia Jimi Hendrix, wiki chache tu kabla ya kifo chake.

Lakini ndani ya kundi mambo hayakuwa mazuri. Kulikuwa na ugomvi kuhusu usimamizi na fedha. Mwisho wa mwaka 1970 Taste ilikufa, na Rory akaanza upya kwa jina lake mwenyewe. Mdogo wake Dónal akawa msimamizi wake. Mpiga besi akawa Gerry McAvoy, kijana wa Belfast, ambaye alikaa naye kwa miaka 20 hivi.

Mwaka 1971 Muddy Waters alikuja London kurekodi, na Rory akaalikwa kupiga naye. Mtoto aliyesikiliza redio usiku sasa alikuwa chumba kimoja na mtu aliyemfundisha bila kujua. Rory alitokea kwenye onyesho lake mwenyewe katika mji mwingine, akaendesha gari kwa kasi, akafika amechelewa. Muddy Waters alikuwa amemsubiri.

Belfast, mahali wengine walipoogopa

Kipande kinachofuata ndicho kinachowafanya watu wa Ireland wamheshimu kuliko hata muziki wenyewe.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Ireland ya Kaskazini iliingia kwenye machafuko makubwa. Wakatoliki na Waprotestanti, wanaotaka kuungana na Ireland na wanaotaka kubaki chini ya Uingereza, walikuwa wakiuana. Mabomu yalilipuka madukani na kwenye baa. Wanamuziki wengi waliiondoa Belfast kwenye ratiba zao, na hakuna anayeweza kuwalaumu.

Rory hakuiondoa. Mwanzoni mwa Januari 1972 alipiga Ulster Hall, mjini Belfast, siku ambazo milipuko ilikuwa jambo la kawaida mjini humo. Alirudi tena na tena. Januari 1974 alizunguka Belfast, Dublin na Cork, na maonyesho hayo yakarekodiwa kuwa albamu ya Irish Tour '74 na filamu iliyoongozwa na Tony Palmer.

Hakutoa hotuba za siasa jukwaani. Alikuja, akafunga waya zake, akapiga kwa saa nyingi. Vijana wa mitaa iliyokuwa haisalimiani walisimama kwenye ukumbi mmoja. Walipotoka nje, mji ulikuwa uleule. Lakini kwa usiku ule, walikuwa wamesikia kitu kimoja.

Alipokataa kuongeza

Rory aliombwa mara nyingi aongeze vitu. Kampuni zilitaka atoe nyimbo fupi moja moja za kupigwa redioni ili albamu ziuzike. Alikataa. Januari 1975 kundi la Rolling Stones, likiwa limempoteza mpiga gitaa Mick Taylor, lilimwita Rotterdam, Uholanzi, wapige pamoja. Alikwenda peke yake na gitaa lake, wakapiga kwa siku chache, lakini hakuna aliyempa jibu linaloeleweka. Alikuwa na maonyesho Japani ambayo tiketi zilishauzwa. Akaenda Japani.

Mwaka 1978 alifanya jambo ambalo wenye kampuni walishindwa kulielewa. Alikuwa amerekodi albamu nzima San Francisco, Marekani, pesa nyingi zikiwa zimetumika. Alipoisikiliza aliona sauti zimerundikana. Akaitupa. Kisha akalivunja kundi lake la watu wanne, akaondoa kinanda, akabaki na gitaa, besi na ngoma kama zamani. Nyimbo kadhaa akazirekodi upya Ujerumani, zikatoka mwaka huohuo katika albamu ya Photo-Finish. Ile ya San Francisco ilitolewa mwaka 2011, yeye akiwa ameshafariki.

Ukiusikiliza uamuzi huo vizuri, ni ile kapasita mlangoni. Kilichozidi hakikupita.

Basi, uchague busta ipi?

Turudi kwa msikilizaji wetu mwenye amplifaya ya tope. Tumepata mambo matano ya kuzingatia.

Kwanza, jua maana ya busta safi. Hii huchukua sauti yote ya gitaa, nene na nyembamba, na kuikuza kwa kipimo kimoja. Mfano unaojulikana ni MXR Micro Amp, yenye kitasa kimoja tu. Mbele ya amplifaya yenye sauti safi au mkwaruzo mdogo, inafanya kazi nzuri sana. Solo inapanda bila kubadilika rangi. Lakini mbele ya amplifaya ambayo imeshajaa mkwaruzo, inaikuza besi pamoja na vingine. Valvu zilizokuwa zimejaa zinafurika. Kosa si la busta. Imefanya ilivyoagizwa.

Pili, kama shida yako ni tope, tafuta busta inayoweza kupunguza besi. Zipo busta zinazoacha sauti ya gitaa ilivyo lakini zina kitasa cha besi pembeni. Hizo ndizo zinazomfaa mtu anayetaka usafi na mkazo kwa pamoja. Wapiga gitaa wa muziki mzito hutumia sana pedali ya Ibanez Tube Screamer kwa kazi hii. Hupunguza kitasa cha mkwaruzo karibu hadi sifuri, na hupandisha kitasa cha sauti. Pedali hiyo hukata besi kwa asili yake, na husukuma sauti ya katikati. Haiwi safi kabisa, lakini inakaza.

Tatu, kabla ya kununua chochote, punguza mkwaruzo wa amplifaya yenyewe. Wengi wetu huufungulia mno kwa sababu tunapiga tukiwa peke yetu chumbani, na besi nyingi ni tamu chumbani. Ukijiunga na wenzako, mpiga gitaa la besi na mpiga ngoma tayari wameshalijaza shamba hilo. Jaribu busta ukiwa na bendi nzima, na simama mbali, pale wasikilizaji watakapokaa.

Nne, angalia umeme. Busta nyingi hutumia betri ya volti 9 au chaja ya ukutani. Zile zinazoiga Rangemaster kwa transista ya jemaniamu mara nyingi chanya na hasi zake zimegeuzwa. Usiiunganishe kwenye chaja moja na pedali nyingine kabla ya kusoma maandishi yaliyo kwenye tundu la umeme, maana unaweza kusababisha shoti. Jemaniamu pia huathiriwa na joto. Jukwaa la jua kali mchana linaweza kuibadilisha sauti yake. Kwa sehemu zetu zenye joto, busta ya transista za silikoni ina usumbufu mdogo.

Tano, jifunze kitasa cha gitaa. Kabla ya kutafuta kisanduku cha pili na cha tatu, piga wimbo mzima ukitumia kitasa cha sauti cha gitaa lako peke yake. Kama huwezi kushuka na kupanda kwa kidole, kisanduku cha pili hakitakusaidia.

Mwisho wa safari

Tungependa kusema kwamba mtu aliyejua kupunguza kilichozidi kwenye sauti alijua pia kupunguza kilichozidi maishani. Haikuwa hivyo.

Rory alipiga maonyesho mengi mno kila mwaka, kwa miaka mingi. Hakuoa, wala hakuwa na watoto. Maisha yake yalikuwa hoteli, gari na jukwaa. Kadiri umri ulivyosogea aliingiwa na hofu kubwa ya kupanda ndege, na madaktari wakampa dawa za kumtuliza. Alikuwa pia anakunywa pombe. Dawa na pombe pamoja viliharibu ini lake. Mwili wake ulivimba, uso ukabadilika, na mashabiki waliomwona miaka ya 1990 walishtuka. Bado vidole vilipiga.

Onyesho lake la mwisho lilikuwa Januari 1995 nchini Uholanzi, katika mji uleule wa Rotterdam ambako miaka 20 kabla alisubiri jibu la Rolling Stones. Aliugua ziarani. Alilazwa hospitali London, akapandikizwa ini jipya, na kwa muda kulikuwa na matumaini. Kisha akapata maambukizi ya vijidudu visivyosikia dawa. Tarehe 14 Juni 1995 alifariki. Alizikwa nje kidogo ya Cork, na watu kwa maelfu walijitokeza barabarani kumsindikiza.

Tunalitaja hili bila kumhukumu. Wanamuziki wengi wanaotupigia muziki kwenye harusi na sherehe zetu wanaishi hivyohivyo, usiku kucha, chupa mkononi, na sisi tunapiga makofi. Anayetumia dawa za usingizi au za kutuliza hofu, amwulize mhudumu wa afya kuhusu pombe kabla ya kunywa. Ini halipigi kelele mapema.

Leo Cork kuna uwanja wenye jina lake. Ballyshannon kuna sanamu yake katikati ya mji. Januari 2025 Belfast nayo ikazindua sanamu yake karibu na Ulster Hall, ule ukumbi ambao hakuukimbia.

Na lile gitaa la mkopo? Oktoba 2024 liliuzwa kwa mnada London kwa karibu pauni 890,000. Aliyelinunua hakulifungia kabatini. Lilitolewa zawadi kwa makumbusho ya taifa ya Ireland, ili kila mtu akaone mbao zilizochubuliwa na jasho.

Kisanduku kile hakikuwa cha gharama wala cha siri. Kilikuwa na transista moja na kitasa kimoja, na mwenyewe alikionyesha kwa yeyote aliyeuliza. Jioni ya leo ukikaa na amplifaya yako, kabla ya kuongeza chochote, shika kitasa cha besi na kile cha mkwaruzo, vyote viwili, uvirudishe nyuma kidogo. Kisha piga uzi ule mnene, na usikilize.